Jaji Asiyevaa Gwanda

Ibara ya 169 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitaja mahakama za ngazi ya chini moja baada ya nyingine: za mahakimu, za makadhi, kisha za kijeshi. Msomaji mwenye haraka hupita hapo bila kusimama, ingawa mpangilio huo umebeba jambo zito. Kanali anayeketi katika mahakama ya kijeshi, nishani kifuani na mlinzi mlangoni, kisheria yuko safu moja na kadhi wa Lamu anayegawa mirathi na hakimu wa Kitale anayesikiliza kesi ya wizi wa ng'ombe. Wote watatu wako chini ya Mahakama Kuu, na hukumu ya yeyote kati yao inaweza kupelekwa mbele ya jaji ambaye pengine hajawahi kugusa bunduki maishani. Katiba hiyohiyo, Ibara ya 24, inaruhusu sheria iwapunguzie wanajeshi haki kadhaa ambazo raia wengine wanazo, kama vile faragha, kukusanyika na haki za kazi. Halafu Ibara ya 25 inaweka komeo: haki ya kuhukumiwa kwa haki haipunguzwi kwa mtu yeyote, na Ibara ya 50 inaihesabu rufaa kwenye mahakama ya juu kuwa sehemu ya haki hiyo. Maana yake ni kwamba askari anaweza kunyimwa ruhusa ya kugoma, lakini hawezi kunyimwa jaji.

Wapo makamanda, na hata wabunge, wanaouona mpangilio huo kama kosa la waandishi wa katiba waliozoea mambo ya amani. Mimi nauona kuwa ndio sahihi, na kwamba nchi inayouacha hulipa baadaye kwa gharama kubwa. Ila nataka kwenda mbele zaidi ya kusema kwamba rufaa kwa mahakama ya kiraia ni kitu kizuri, maana hilo hata majeshi mengi yanalikubali siku hizi, angalau kwenye karatasi. Ninachodai ni kwamba rufaa hiyo ina thamani pale tu inapotimiza mambo mawili kwa pamoja: isikilizwe kabla adhabu haijatekelezwa, na jaji awe na mamlaka ya kuugusa ushahidi wenyewe, si kukagua tu kama mahakama ya kijeshi iliundwa kwa mujibu wa sheria. Likikosekana mojawapo, kinachobaki ni muhuri.

Tuanze na jinsi mahakama ya kijeshi inavyozaliwa, kwa sababu tatizo linaanzia hapo. Mahakama ya kawaida ipo kabla ya kesi. Hakimu alikuwepo jana, atakuwepo kesho, na mshtakiwa amemkuta tu. Mahakama ya kijeshi, katika mfumo ulioenezwa na Waingereza na kurithiwa na majeshi yaliyotokana na jeshi la kikoloni la King's African Rifles, huundwa kwa ajili ya kesi husika. Yupo ofisa mkubwa anayeamua kwamba fulani ashtakiwe, na kwa desturi ya zamani ofisa huyohuyo ndiye aliyewateua wajumbe wa kumhukumu, wakiwa walio chini yake kwa cheo. Mwaka 1997, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg ilichambua kesi ya Alexander Findlay, askari wa Uingereza aliyepigana vita vya Falklands mwaka 1982 na kurudi na majeraha ya akili. Miaka minane baadaye, akiwa Ireland ya Kaskazini, alilewa akawatishia wenzake kwa bastola. Alikiri kosa, akafungwa miaka miwili. Majaji wa Strasbourg hawakuwa na shida na kukiri kwake. Walichokiona ni kwamba jenerali mmoja aliamua mashtaka, akateua wajumbe wote wa mahakama kutoka miongoni mwa walio chini yake, akapanga nani aendeshe mashtaka na nani atetee, kisha hukumu ikarudi mezani kwake aithibitishe. Hakuna haja ya kumshuku jenerali huyo kwa lolote. Hata angekuwa malaika, mjumbe wa mahakama aliyetegemea kupandishwa cheo na mtu yuleyule aliyetaka mashtaka hakuwa huru, na kila aliyekuwa chumbani alilijua hilo. Uingereza ilibadilisha sheria.

Uganda ilikuwa na sura nyingine ya jambo lilelile. Kwa sheria ya mwaka 2005, wajumbe wa Mahakama Kuu ya Kijeshi pale Makindye, Kampala, waliteuliwa na uongozi wa juu wa jeshi kwa muda wa mwaka mmoja unaoweza kurudiwa. Hebu mtazame mtu aliyekalia kiti hicho akiwa katika mwezi wa kumi wa mwaka wake huo, akisoma ushahidi dhaifu dhidi ya mtu ambaye wakubwa wake wanamtaka gerezani. Hahitaji kupigiwa simu. Waswahili walishasema kuhusu kesi ya ngedere kupelekewa nyani, na sioni sababu ya kuongeza neno.

Nimetaja muundo kwanza kwa sababu watetezi wa mahakama za kijeshi hupenda kujibu kwa kutaja watu: majaji wetu wa kijeshi ni waadilifu, wamesoma sheria, wanaogopa Mungu. Nakubali. Hoja ya rufaa kwa raia haisemi kwamba maofisa ni waovu. Inasema kwamba uhuru wa mahakama hauwezi kuzalishwa ndani ya ngazi ya vyeo, kwa kuwa ngazi ya vyeo imejengwa makusudi ili mtu asiwe huru. Jeshi ambalo kila ofisa anajiamulia si jeshi. Kwa hiyo kile kinachohitajika ili mahakama iwe mahakama lazima kiingizwe kutoka nje, na mlango wake ni rufaa.

Sasa suala la wakati. Sijui kisa kinacholionyesha wazi kuliko kilichotokea Texas, Marekani, mwaka 1917. Mchana wa tarehe 23 Agosti mjini Houston, polisi weupe walimpiga na kumkamata askari mweusi aliyekuwa amemtetea mwanamke mweusi waliyekuwa wakimburuta, kisha wakampiga na kumfyatulia risasi koplo aliyekwenda kuulizia habari za mwenzake. Kambi ya Camp Logan, walikokuwa askari weusi wa Kikosi cha 24 cha Askari wa Miguu, ikajaa uvumi: koplo ameuawa, kundi la watu weupe linakuja. Usiku askari zaidi ya 100 walichukua bunduki wakaingia mjini. Kulipokucha watu 19 walikuwa wamekufa, wakiwamo polisi na askari wenyewe. Hayo yalikuwa maasi yenye mauaji, na hakuna jeshi duniani ambalo lingeyafumbia macho.

Lakini hebu tuitazame kesi. Katika shauri la kwanza, lililosikilizwa Fort Sam Houston mjini San Antonio mwezi Novemba, washtakiwa walikuwa 63 kwa mpigo mmoja. Wote hao walitetewa na ofisa mmoja, Meja Harry Grier, aliyewahi kufundisha sheria lakini hakuwa wakili. Tukio lilikuwa la usiku, na swali gumu lilikuwa nani hasa alitoka kambini na nani alifyatua risasi. Sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwa askari wachache waliokubali kutoa ushahidi ili wao wasishtakiwe. Mahakama ikawahukumu 13 kifo. Kwa kuwa Marekani ilikuwa vitani, kanuni zilimruhusu jenerali wa eneo kuidhinisha na kutekeleza hukumu ya kifo kwa makosa ya maasi na mauaji bila kuipeleka kwa Rais. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba, kando ya kijito cha Salado, wote 13 walinyongwa. Wananchi walitangaziwa hukumu baada ya watu kuzikwa. Jenerali Samuel Ansell, aliyekuwa akikaimu uongozi wa idara ya sheria ya jeshi kule Washington, naye alipata habari mambo yakiwa yamekwisha, na hasira yake ilizaa mapambano ya miaka kadhaa ndani ya jeshi kuhusu nani ana haki ya kuzipitia hukumu za kijeshi.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikae na kisa hiki kuliko vingine. Mwanzoni mwa mwaka 1918 jeshi lilitoa amri kwamba hukumu ya kifo isitekelezwe kabla faili halijasomwa Washington. Mashauri mengine mawili ya tukio lilelile yalitoa hukumu 16 za kifo, na safari hii mafaili yakapanda hadi kwa Rais Woodrow Wilson. Kati ya hao 16, 10 walibadilishiwa adhabu ikawa kifungo cha maisha, na 6 wakanyongwa. Usiku ulikuwa uleule, jeshi lilelile, na aina ya ushahidi ileile. Bila msomaji wa pili, walikufa 13 kati ya 13. Alipopatikana msomaji wa pili, tena mwanasiasa na si jaji, na wala si rafiki wa watu weusi, walikufa 6 kati ya 16. Mtu anaweza kubishana kuhusu kosa la mmojammoja, lakini tofauti hiyo haielezeki kwa kosa. Inaelezeka kwa wakati. Kwa jumla askari 118 walishtakiwa na 110 wakatiwa hatiani. Mwezi Novemba 2023 jeshi la Marekani lilizifuta hukumu zote 110, likikubali kwamba kesi zile hazikuendeshwa kwa haki. Miaka 106 ni muda mrefu wa kusubiri rufaa, na waliosubiri walikuwa wajukuu.

Hapa mtetezi wa jeshi ana jibu la kwanza, na si jibu la kupuuzwa. Atasema: mbona makamanda wenyewe huwa na huruma? Atataja Uingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambako mahakama za kijeshi zilitoa hukumu za kifo 3,080 na waliouawa kweli wakawa 346. Karibu tisa kati ya kila kumi waliokolewa na majenerali, bila jaji wa kiraia kuhusika. Takwimu hizo ni za kweli, na mara nyingi hutajwa kama ushahidi kwamba upitiaji wa ndani unatosha. Mimi nazisoma kinyume. Mahakama ambayo hukumu zake tisa kati ya kumi hazistahili kutekelezwa ina kasoro kubwa tangu mwanzo. Na tuangalie jenerali alikuwa akiulizwa nini alipoletewa faili. Hakuulizwa kama ushahidi unathibitisha kosa. Aliulizwa kama kikosi cha huyu askari kina nidhamu, kama tabia yake vitani ilikuwa njema, kama hali ya eneo inahitaji mfano wa kuogopesha wengine. Askari wawili wenye kosa moja na ushahidi mmoja wangeweza kuachana njiani, mmoja aishi na mwingine apigwe risasi alfajiri, kwa sababu ya mwenendo wa kikosi ambacho hakuna kati yao aliyekiongoza. Hiyo ni rehema, na rehema ina mahali pake, lakini haiwezi kushika nafasi ya uchunguzi wa hukumu. Mwaka 2006 Bunge la Uingereza liliwasamehe 306 kati ya waliouawa, wengi wao wakiwa watoro wa vitani na watu waliovunjika akili kwa mizinga. Msamaha huo, kwa maneno ya sheria yenyewe, haukuzigusa hukumu. Hata baada ya miaka 90, bado hakuna mahakama iliyowahi kuusoma ushahidi.

Jibu la pili la mtetezi ni kasi. Nidhamu haisubiri, atasema. Askari akimuua raia leo na kijiji kikaona hakuna kilichofanyika hadi mwaka ujao, jeshi limepoteza kijiji. Hoja hii ilijaribiwa Kotido, kaskazini-mashariki mwa Uganda, Machi 2002. Padri Declan O'Toole, mmisionari kutoka Ireland, aliuawa barabarani pamoja na watu wawili aliokuwa akisafiri nao. Wanajeshi wawili walikamatwa. Siku nne baada ya mauaji walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya uwanjani, kesi ikachukua chini ya saa tatu, na siku hiyohiyo wakapigwa risasi hadharani mbele ya umati. Kama kasi ndiyo nidhamu, hapo palikuwa na nidhamu ya kutosha.

Ila maswali yaliyobaki yalikuwa mengi kuliko majibu. Wiki chache kabla ya kifo chake padri huyo alikuwa amelalamika kwamba wanajeshi walimpiga wakati wa operesheni ya kuwanyang'anya Wakaramojong silaha. Je, mauaji yalihusiana na malalamiko hayo? Kuna mtu aliyewatuma wale wawili? Au walikuwa majambazi tu waliovaa gwanda? Waliokuwa na uwezo wa kusema walikuwa wamekwisha kufa ndani ya juma lilelile. Watu hufikiri rufaa ni kitu cha mshtakiwa, kwamba familia ya aliyeuawa inaumia kila siku ambayo muuaji anapumua. Kotido ilionyesha kwamba kasi inaweza kumfaidi mtu wa tatu, yule ambaye jina lake lingetajwa kama kesi ingeendelea. Chama cha Wanasheria cha Uganda kilikwenda Mahakama ya Katiba. Katiba ya Uganda, Ibara ya 22, inasema waziwazi kwamba hakuna atakayenyang'anywa uhai kwa hukumu ambayo mahakama ya rufaa ya juu kabisa haijaithibitisha. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kilichofanyika Kotido kiliivunja Katiba. Uamuzi ulikuwa sahihi, na ulichelewa kwa miaka saba.

Sipingi kwamba zipo amri ambazo haziwezi kusubiri jaji. Askari anayekataa kwenda lindo lazima aondolewe lindoni dakika hiyo. Kumkamata, kumvua silaha, kumfungia kambini, kumkata siku za mshahara kwa kosa dogo, yote hayo kamanda ayafanye bila kuomba ruhusa ya mtu. Nidhamu ya haraka inaishi humo. Kifo, kifungo cha miaka mingi na kufukuzwa jeshini kwa fedheha ni vitu vingine: havimrudishi askari kwenye mstari, vinamtoa kwenye mstari moja kwa moja. Jeshi halipati ushindi wowote wa kesho kwa kumfunga mtu miaka 20 leo badala ya mwezi wa sita.

Linakuja sasa suala la pili, la jaji kugusa ushahidi, na hapa mfano mbaya unatoka kwenye mahakama yenye heshima kubwa. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokea kesi ya Burns dhidi ya Wilson. Wanajeshi wawili wa jeshi la anga walikuwa wamehukumiwa kifo kisiwani Guam kwa ubakaji na mauaji. Walidai kwamba walizuiliwa bila mawasiliano, kwamba walilazimishwa kukiri, kwamba ushahidi ulipandikizwa, na kwamba hawakupewa nafasi ya kuandaa utetezi. Madai ya namna hiyo, kama yangetoka gereza la raia, yangemfanya jaji avue miwani na kuagiza mashahidi. Waliobeba uamuzi walisema kitu kingine: kama mahakama za kijeshi zilikwisha kuyasikiliza madai hayo kikamilifu na kwa haki, mahakama ya kiraia haina kazi ya kuyasikiliza upya. Majaji Hugo Black na William Douglas walipinga. Tatizo la kauli ile ni kwamba imejiuma mkia. Mlalamikaji anasema hakusikilizwa kwa haki. Anajibiwa kwamba, kwa kuwa waliomsikiliza wanasema walimsikiliza kwa haki, amesikilizwa kwa haki. Mlango wa rufaa uko wazi, ukiingia unakuta ukuta.

Tuwatendee haki Wamarekani: hawakutegemea mlango huo peke yake. Baada ya Vita vya Pili, ambapo jeshi lao liliendesha kesi za kijeshi zaidi ya milioni moja na nusu, mamilioni ya wanaume walirudi nyumbani wakiwa wamezionja mahakama hizo au wameshuhudia wenzao wakizionja, na Bunge likasikia. Sheria mpya ya mwaka 1950 iliunda mahakama ya rufaa ya kijeshi ambayo majaji wake ni raia. Mwanzoni walikuwa watatu, sasa ni watano, na kila mmoja hukaa miaka 15, kwa hiyo hakuna jenerali anayeweza kumsubiri astaafu. Tangu mwaka 1984 hukumu za mahakama hiyo zinaweza kuombewa rufaa moja kwa moja Mahakama ya Juu. Jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani limeishi na majaji raia kwa zaidi ya miaka 70 na halijasahau kupiga saluti.

Mtetezi bado ana neno, nalo ndilo la moyoni: jaji wa kiraia hajui vita. Hajui uchovu wa siku tatu bila usingizi, hajui kwa nini koplo mmoja akikimbia kumi watamfuata. Ni kweli, hajui. Lakini jaji huyohuyo hajui upasuaji, na huamua kesi za madaktari. Hajui ubaharia, na huamua meli ipi imeigonga ipi. Anasikiliza wanaojua, kisha anapima. Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake juu ya hili. Baada ya Tanganyika Rifles kuasi Januari 1964 katika kambi ya Colito, serikali iliyokuwa imetetemeka hadi kuwaomba Waingereza msaada iliwafikisha viongozi wa maasi mbele ya mahakama ya kijeshi iliyoongozwa na Jaji Mkuu Ralph Windham, raia, akiwa na maofisa pembeni yake. Aliyeonekana kuwa kinara, Sajini Ilogi, alipata miaka 15, na wenzake wakapata pungufu. Wengi walitarajia vifo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema hadharani kwamba adhabu zilikuwa nyepesi mno kwa kosa lile, na kwamba hata hivyo hatazigusa, maana kuzigusa kungekuwa kuuacha utawala wa sheria ambao wale askari ndio walioutikisa. Jeshi lililojengwa upya baada ya hapo, JWTZ, halikuharibika kwa sababu sajini mmoja hakunyongwa.

Kuna jambo jingine la karibu zaidi, ambalo nashangaa halitajwi sana. Novemba 1983 Kenya na Tanzania zilibadilishana watuhumiwa. Tanzania iliwatoa Hezekiah Ochuka na mwenzake, waliokimbia baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 mjini Nairobi. Kenya nayo ikawarudisha Watanzania waliotuhumiwa kupanga kuipindua serikali ya Nyerere. Kenya ilimpeleka Ochuka mahakama ya kijeshi, akahukumiwa kifo, akanyongwa katika gereza la Kamiti mwaka 1987. Tanzania ilifungua kesi ya uhaini Mahakama Kuu, Dar es Salaam, wanajeshi na raia wakiwa kizimba kimoja, mawakili wakihoji, magazeti yakiandika. Mwishoni mwa mwaka 1985 washtakiwa tisa walifungwa maisha na wengine wakaachiwa, kisha rufaa ikafika Mahakama ya Rufani. Najua Kenya risasi zilirindima na watu wengi wakafa, na Tanzania njama iligunduliwa kabla, makosa hayakulingana. Ninachochukua hapa ni kidogo lakini kinatosha: mashtaka mazito kabisa ambayo jeshi linaweza kuwa nayo dhidi ya mtu wake, yenye siri za kambi na mipango ya kuua rais, yalisikilizwa na jaji wa kawaida nchini ambako hali ilikuwa ngumu ya kutosha, na dola haikuanguka.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote halitoki kwa majenerali. Linatoka kwa wanaotetea wahanga, hasa mashariki mwa Kongo. Wao husema: kwetu tatizo si askari kuonewa, tatizo ni askari kutoadhibiwa, mkimwongezea rufaa mnamwongezea njia ya kutokea. Tuutazame ushahidi wao. Novemba 2012, wanajeshi wa serikali waliokuwa wakiwakimbia waasi wa M23 walipora na kubaka mjini Minova, Kivu Kusini. Kesi ilisikilizwa Goma na mahakama ya kijeshi ya operesheni, aina ya mahakama ambayo hukumu yake haina rufaa. Mei 2014 hukumu ilitoka: kati ya washtakiwa 39, wawili tu ndio waliotiwa hatiani kwa ubakaji. Wanawake waliokuwa wamefunika nyuso na kusimulia mbele ya mahakama hawakuwa na pa kwenda, na mwendesha mashtaka hakuwa na pa kwenda. Kukosekana kwa rufaa hakukumbana askari. Kulimfungia mlango mhanga. Mfumo unaotaka kuwafikia makamanda unahitaji jaji wa nje kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ni vigumu kutegemea kwamba maofisa watamtia hatiani mtu waliyekula naye jana. Rufaa ikiwa ya pande zote mbili, upande wa mashtaka nao uweze kuipinga hukumu ya kuachia, ndipo hoja ya wahanga na hoja ya askari zinapokutana.

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda, chini ya Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, iliamua rufaa ya serikali dhidi ya mbunge wa zamani Michael Kabaziguruka. Ilisema kwamba raia hawawezi kushtakiwa katika mahakama za kijeshi, na kwamba mahakama hizo kwa jinsi zilivyoundwa hazikuwa na uhuru ambao Katiba inadai. Wiki chache baadaye kesi ya mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, aliyetekwa Nairobi Novemba 2024 na kuibukia Makindye, ilihamishiwa mahakama ya kiraia. Magazeti yaliandika habari ya raia, na inaeleweka. Iliyopita kimyakimya ni nusu ya pili: kama mahakama ile haikuwa huru vya kutosha kumhukumu raia, ilipata wapi uhuru wa kumhukumu askari wa kawaida? Bunge lilipitisha marekebisho mwezi Mei na Rais akayatia saini mwezi Juni, yakiruhusu tena raia kushtakiwa jeshini katika mazingira fulani na kugusa upya muundo wa mahakama hizo. Mabishano yatarudi mahakamani, na mawakili watabishana kuhusu raia. Ningependa wamuulize jaji pia maswali ya askari: mwenendo wa kesi unaandikwa na nani na unamfikia mrufani baada ya siku ngapi, nani anamlipa wakili wake akishavuliwa cheo na mshahara, adhabu inasimama au inaendelea wakati rufaa inasubiri, na jaji akiona ushahidi haukutosha, ana mamlaka ya kusema hivyo na mtu akatoka siku hiyo.